Krismasi na Gogo la Kuazima

Ukitaka kumjua mtu anayekaa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mtazame anapoingia nyumba ya wenyewe. Hana habari na makochi wala televisheni. Anatazama dari kwanza, ndipo achague pa kukaa. Mie tabia hii nimekwenda nayo mpaka kanisani. Watu wanaimba, mie uso nimeuinua juu, na padri ameshanisifu kwa mke wangu kuwa amepata mume wa sala.

Nyumba yetu iko Mkunazini, ndani kabisa, kwenye kichochoro ambacho vespa mbili zikikutana lazima moja ikubali yaishe irudi nyuma. Aliiacha bibi yangu mzaa baba, Mungu amrehemu, kwa hiyo ni yetu sote: mie niliyemo ndani, na warithi wenzangu walioko Dar es Salaam, Mombasa na Uingereza. Tuna kundi la familia kwenye simu. Nikituma picha ya roshani jua linazama, mioyo myekundu inamiminika na mashangazi wanatokwa na machozi. Nikituma picha ya ufa, kimya. Unaona kabisa wameshaifungua wote, ila vidole vimewafa ganzi kwa wakati mmoja, Dar mpaka London.

Halafu tangu 2000 Mji Mkongwe umeingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Maana yake warithi wameongezeka. Sasa nyumba hii ni yangu, ya mashangazi, na ya dunia nzima. Na dunia nayo haijawahi kuniletea hata polo moja la chokaa. Inaleta watalii. Desemba ndiyo msimu wao, na ndiyo mwezi ambao vuli haijamaliza kunya na kaskazi haijashika sawasawa, kwa hiyo mie niko juu ya ngazi na ndoo. Mtalii anasimama chini, ananipiga picha na ufa wangu, anafurahi, ananiambia, "Hakuna matata!" Yapo, bwana. Yapo, na moja limekudondokea begani sasa hivi, lifute.

Mwaka huu mke wangu alinipa amri mapema. "Baba watoto, mama anakuja kula sikukuu kwetu. Sitaki kukuona umenuna." Mie si mtu wa kununa. Sura yangu ndivyo ilivyo mtu akiwa anasikiliza maji yanapita mahali yasipotakiwa kupita. Lakini amri ni amri, nikaanza mazoezi ya kutabasamu nikiwa nazibua karo.

Watu wa nyumba mpya za Fumba wanadhani siri ya kukaa nyumba kongwe ni kutengeneza. Huo ni ugeni. Nyumba ya mawe haitengenezwi ikaisha. Ukiziba hapa inakuonesha pengine ulipokuwa hupajui. Sisi mwanzo wa Desemba tunakaa kikao, mume na mke, tunaamua ni kibovu gani kitatengenezwa na vipi vitakula Krismasi pamoja nasi. Kwenye orodha kulikuwa na choo kinachomwaga maji bila kuombwa, swichi ya jikoni inayotekenya, mlango wa chumbani unaofunga kwa hiari yake na kufunguka kwa maombi, na dari la sebuleni ambalo limeanza kuinama. Fedha ilitosha kimoja. Mke wangu akasema choo, kwa sababu mama anakuja. Mie nikasema dari, kwa sababu mama atakaa chini yake. Akanitazama kwa muda, akipima kama nimesema kwa wema.

Likapita la dari. Si kwa hoja zangu. Ni kwamba huku kwetu Krismasi na dari tuna kumbukumbu mbaya. Krismasi ya 2020 ndiyo siku Beit el-Ajaib ilipoporomoka upande mmoja pale Forodhani, nyumba ya Sultani Seyyid Barghash ya 1883, tena ikiwa katikati ya matengenezo, na watu wawili wakafariki. Hapo sina mzaha. Tangu siku ile mke wangu, kabla ya kuombea chakula, anafumba jicho moja tu.

Kumpata fundi wa mawe ndiyo mtihani. Fundi wa tofali wako tele, ukipiga mluzi Darajani wanakuja watatu. Wa mawe na chokaa ni wazee, wanahesabika, na kila mmoja ana nyumba nyingi zilizomtangulia kuinama kuliko yako. Wetu aliahidi Jumatatu, inshaallah. Jumatatu zikapita kwa heshima zao, hakuna aliyezisumbua. Siku aliyokuja alikuja wakati nimeshamsahau, akapanda, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Nani aliyepiga saruji hapa, mwanangu?"

"Ami yangu. Marehemu."

"Mungu amsamehe," akasema, kwa sauti ya mtu asiye na hakika na jambo hilo.

Nikapewa darsa. Ukuta huu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Unavuta unyevu na chumvi kutoka chini, kisha unautoa nje taratibu kupitia chokaa. Ukiupiga saruji umeuziba pua. Unyevu unatafuta pa kutokea, unakuta kichwa cha boriti kimelala ndani ya ukuta, unahamia hapo. Boriti linaoza, mchwa wanaalikana.

"Basi tupige chokaa, mzee wangu, tumalize kabla ya sikukuu."

Akacheka mpaka akashika ngazi. Chokaa ya kazi hii ikishachomwa tanuuni inazimwa kwa maji, kisha inalowekwa, inaachwa wiki na wiki mpaka itulie. "Chokaa ya Krismasi ungeniita kipupwe." Kipupwe! Kipupwe mie nimejifunika shuka, sina habari kama kuna chokaa inanisubiri. Na boriti nazo si za kuokota. Mikoko inalindwa siku hizi, kuna kibali, kuna bei, na ukipata boriti lililonyooka unalisalimia kwanza.

Basi akatoka, nikajua ndiyo kaondoka. Akarudi na kijana wake wamebeba gogo. Gogo nene, refu, limeshashika dari za watu wengi, lina misumari ya enzi tofauti. Akalisimamisha katikati ya sebule, akagonga kabari chini, dari likapanda kidogo na kutoa sauti ya mzee anayenyanyuliwa kitini. "Hili langu," akasema. "Nakuazima. Nitalifuata." Akanywa kahawa, akaondoka.

Sasa mjue sebule zetu. Wajenzi wa zamani walipima upana wa chumba kwa boriti, na boriti la mkoko linakupa kama mita tatu hivi, basi. Uwe mfanyabiashara wa karafuu uwe nani, chumba chako utakirefusha upendavyo ila hutakipanua. Weka makochi huku na huku, kisha simamisha gogo katikati. Tukawa tunapita ubavu. Mtu mnene anaulizwa mlangoni anaelekea wapi, apangiwe njia.

Mke wangu hakununa, sifa hizo nampa. Alizunguka lile gogo mara kadhaa, akaita watoto, akawatuma ufukweni wakalete matawi ya mvinje. Kila mwaka tunasimamisha tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga, linainama, linaangukia televisheni. Mwaka huu wakayafunga kwenye gogo toka chini mpaka juu, wakatia pamba, riboni, na vifuniko vya soda vilivyong'arishwa. Nyota wakaipigilia palepale boriti linapooza. Na kwa kuwa dari lilikuwa linavuja karibu na hapo, matawi yakawa yanapata maji usiku na mchana. Sisi tunaamka saa nane kukinga dumu bombani, mvinje unahudumiwa bila bili. Mpaka sikukuu inafika ulikuwa kijani kuliko siku ulipokatwa.

Taa za rangi nilizikataa, kwa sababu ya yale maji. Watoto wakalia giza. Nikawaambia giza hawalijui. Krismasi ya 2009 Unguja nzima hatukuwa na umeme, tangu tarehe 10 Desemba mpaka Machi ya 2010, njia ya umeme unaotoka Bara ilipopata hitilafu. Jenereta zinanguruma vichochoroni, sisi wa mishumaa tumekaa. Nami nasema kweli, ile ndiyo Krismasi nyumba yetu ilipendeza kuliko zote. Hakuna aliyeona dari.

Fundi bomba naye alikuja, sina mengi. Alivunja ukuta kutafuta bomba, akalikuta, akasema silo. Jirani wa chini, Bi Mkubwa, akapanda kutushukuru kuwa bafuni kwake sasa maji yanatoka ukutani, tena mengi. Kwetu hakuna tone.

Mkesha tukaenda Kanisa Kuu la Anglikana, hatua chache tu na nyumbani. Pale napata faraja ambayo haimo katika mahubiri. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi, mwaka 1873, na Askofu Steere akasimamia ujenzi. Husimuliwa kuwa kuna wakati alisafiri, akarudi akakuta mafundi wamesimamisha nguzo za nyuma karibu na mlango kichwa chini, miguu juu. Zipo hadi leo, nenda kaangalie. Mtu yule alikuwa anatafsiri Biblia kwa Kiswahili, ana elimu, ana cheo, ana Mungu upande wake, na fundi kamgeuzia nguzo. Mie nani? Huwa nakaa safu ya karibu na nguzo zile makusudi. Na fundi akiwa nyumbani kwangu, hata mkate siendi kununua.

Mama mkwe akateremka kwenye boti na shemeji yangu. Shemeji kajenga juzi huko Bara, kwa hiyo kila alipokaa aliona la kunishauri. "Shemeji, si upige jipsamu tu hapa?" Dari lenyewe halijiwezi, anataka kulivisha. "Kwa nini msitundike picha ukutani?" Nikampa nyundo na msumari, nikamwambia karibu. Msumari wa kwanza ulipinda. Wa pili uliingia vizuri, na sahani nzima ya ukuta ikatoka nao, ikamkalia miguuni. Akaanza kusifu hewa ya Zanzibar.

Lakini mama mkwe alisimama mlangoni, akautazama mti wetu toka chini mpaka kwenye nyota. "Mwanangu," akaniambia, "kumbe mna mti uliokamilika hivi! Na umesimama imara." Akautikisa. Mie na mke wangu tukapiga kelele pamoja, "Mama!" Vumbi kidogo likashuka, akadhani theluji, akafurahi zaidi.

Siku yenyewe pilau imepakuliwa, watu wamejipanga kandokando ya gogo, mke wangu jicho moja limefumba, mara, "Hodi! Hodi hapa!"

Fundi wa mawe. Mtu wa Jumatatu zisizofika, leo saa saba mchana, tarehe 25, kapanda ngazi hata hakupumzika, na kijana wake nyuma kashika kamba.

"Karibu mzee wangu! Karibu sikukuu!"

"Heri ya sikukuu, wanangu. Mie sikai. Kiponda kuna dari limelala tangu alfajiri, wenyewe wako nje barazani na magodoro. Nimelifuata gogo langu." Akatazama sebule yote, hakuliona. Kisha akaona miguu yake chini ya riboni. "He! Mmelivisha?"

Mama mkwe akaniuliza kwa upole, "Gogo gani, baba?"

Hapo ndipo tabasamu nililofanyia mazoezi mwezi mzima lilipofanya kazi. Mke wangu hakusema neno. Alitoa kiti, akakiweka mbali na gogo kadiri chumba kinavyoruhusu, akamshika mzee mkono akamkalisha, akampakulia sahani ya pilau iliyoshindiliwa, na kachumbari, na ndizi. Kijana akapewa yake. Mzee akasema bismillahi, atakula kidogo tu. Alipofika katikati ya sahani, mama mkwe, ambaye sasa alikuwa ameshatazama juu na kuelewa kila kitu, akamwongezea. Alipokaribia kumaliza, shemeji akamwongezea, mbio. Kisha halua, kahawa, na mie nikamuuliza habari za ukuta wa saruji. Mzee akaegemea kiti, akafungua kanzu kifungo cha juu, akaanzia kwenye tanuu la chokaa la babu yake.

Kijana kila mara anachungulia saa. "Babu, Kiponda wanapiga simu."

"Waambie nakuja," akasema fundi, akasogeza sahani. "Wanangu, ile nyama ya pembeni imebaki?"