Tumefika, Shemeji

Mimi ni mtu wa Tabora. Nalitanguliza hilo mapema ili ndugu zangu wa pwani wasimalize kicheko chote mwanzoni, maana watakihitaji huko mbele. Tabora tuna maembe, tuna asali, tuna reli. Bahari hatuna. Maji yetu ukiyaacha bwawani asubuhi, jioni unayakuta palepale.

Nimeoa Pangani. Mwaka ule mama mkwe alikuja kwetu Dar kutibiwa macho, akakaa mpaka Desemba, na siku za kumrudisha kwao zilipokaribia nikasema hapana, mama hapandi basi. Noah ipo, watoto wamefunga shule. Tumpeleke kwa raha zote, tufuate pwani: Bagamoyo, Pangani, tumalizie Tanga mjini, na visiwa vyake humohumo. Mke wangu akauliza nani atapanga. Nikamtazama kama mtu aliyetukanwa.

Mimi ni mhasibu. Mhasibu akipewa safari haoni bahari, anaona safu na mistari. Ratiba yangu ilikuwa kurasa tatu: siku, muda, mahali, kilomita, mafuta, chakula na mhusika. Kwenye safu ya mhusika nilikuwemo mimi karibu kila mstari, isipokuwa kwenye kuosha vyombo. Kuchimba dawa nilikutengea dakika 7 kila kituo, watoto dakika 5. Niliipeleka steshenari ikachapwa kwa rangi, halafu ikavikwa ile nailoni ngumu ya vyeti, kila ukurasa peke yake. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliigongagonga kwa kucha akasema, "Hii hata ikizama baharini haiozi." Nikachukulia ni sifa.

Mama mkwe katika yote hayo aliomba kitu kimoja tu. "Mimi sina ninachotaka, mwanangu. Ila kama njia inaruhusu, unipitishe Maziwe."

Maziwe ni kisiwa kidogo mbele ya Pangani. Alipokuwa msichana, baba yake, mvuvi, alikuwa akimpeleka huko. Kilikuwa na mivinje, wanafunga chombo, wanalala kivulini, wanasikia upepo unavyopiga mluzi kwenye majani. Serikali ilikitangaza hifadhi mwaka 1975, na haikuchukua miaka mingi mivinje yote ikaanguka, bahari ikala kisiwa. Siku hizi ni fungu la mchanga mtupu. Maji yakipwa linaonekana, maji yakijaa linazama. Kasa bado wanapanda kutaga palepale kwa mazoea, na wasamaria wema wanayahamishia mayai ufukwe wa Ushongo yasife maji.

Hayo yote niliyasoma. Sitaki mtu aseme sikusoma. Nilijua lazima twende wakati maji yamepwa, kwa hiyo nikatafuta kwenye simu saa za kupwa na kujaa za siku ile, nikapata, nikaandika nyuma ya bahasha ya ankara ya maji: Maziwe, kupwa, 10:12. Tarehe yenyewe niliichagua kwa makusudi iangukie mwezi mpevu, ili tukirudi turudi na mbalamwezi. Nakumbuka nilijipongeza kwa hilo la mbalamwezi.

Kesho yake usiku nikakaa kuijaza ratiba. Saa zote nyingine zilitoka kichwani mwangu, kwa Kiswahili: kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, chai saa mbili, na kadhalika. Nikafika Maziwe, nikageuza bahasha, nikaona 10:12. Nikaandika: saa kumi na dakika 12, jioni.

Tangu nimejifunza kusoma saa, nikiona 10 kwenye simu naita saa nne bila hata kufikiri. Maelfu ya mara. Siku moja tu ubongo ulikwenda kuchimba dawa, nao haukurudi ndani ya dakika 7.

Nikaisoma ratiba kwa sauti sebuleni, kama bajeti. Nilipofika Maziwe mama mkwe akanyanyua kichwa.

"Siku hiyo mwezi mchanga?"

"Mpevu, mama. Nimeuchagua mwenyewe."

"Mpevu." Akatulia. "Na tunakwenda saa kumi ya jioni."

"Na dakika kumi na mbili."

"Haya," akasema.

Mtu wa bara hajui kuisikia hiyo "haya". Kwetu haya ni haya, maana yake tumekubaliana. Pwani, mama mkwe akimwambia mkwe wake "haya", ni kwamba heshima inamkataza kusema lile lingine.

Nikampigia nahodha. Pangani nzima wananiita shemeji, na bei hupanda kwa kadiri ya undugu.

"Saa kumi ya usiku, shemeji?"

"Ya jioni."

"Mnakwenda kuvua?"

"Tunakwenda kula pilau kisiwani. Meza tunakuja nayo."

Simu ikanyamaza nikadhani salio limeisha. "Haya, shemeji," akasema. Nikamrushia nusu ya nauli palepale, nikiwa na furaha kwamba nimempata mtu asiyebishana.

Safari ya barabarani ilikwenda vizuri mno, na sina la kusema juu yake, ndiyo kwanza nilizidi kuvimba kichwa. Bagamoyo nilisimama ufukweni nikawahadithia watoto kwamba babu zao Wanyamwezi walifika hapa kwa miguu kutoka Tabora na pembe za ndovu mabegani, na leo baba yao amefika kwa Noah yenye kiyoyozi. Mama mkwe akasema babu zetu angalau walikuwa na mtu wa kuwaongoza njia. Nikacheka, ni utani. Bagamoyo mpaka Msata kilomita 64, tukapanda hadi Segera, tukanunua machungwa Muheza gunia zima kwa sababu shemeji alishindwa kusema hapana, tukashuka Pangani jioni tukiwa nyuma ya ratiba kwa dakika 11 tu. Niliwaomba radhi abiria.

Sasa siku yenyewe. Hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo.

Saa nne asubuhi nilikuwa nimekaa barazani kwa mama mkwe nikinywa chai, kikombe cha pili. Kutoka pale bahari unaiona. Au tuseme, siku ile nilikuwa siioni. Ilikuwa imejivuta huko mbali, imeacha mchanga mweupe na matope yanayometa, ngalawa zimelala ubavu kama mbuzi waliochoka, akina mama wameinama wanachokoa wanachokijua wao, watoto wanakimbia mahali ambapo jana jioni palikuwa na kina cha kumzamisha mtu. Nikatoa simu nikapiga picha.

"Mama! Bahari imekauka!"

Mama mkwe alikuwa anachagua mchele wa pilau kwenye ungo. "Imekauka, mwanangu. Bamvua hilo."

"Basi jioni itakuwa imekauka zaidi."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakitupa uani. "Haya."

Saa tisa tulishuka kwenye gati. Bahari ilikuwa imerudi, imejaa mpaka ukingoni. Niliona, nikasema moyoni hii ni ya hapa gatini, kisiwani mambo ni tofauti. Tulipakia sufuria la pilau, ndoo ya kachumbari, machungwa ya Muheza, meza ya plastiki, viti sita, mkeka, mwavuli wa ufukweni na spika ya shemeji. Wavuvi waliokuwa wanashona nyavu waliacha kushona. Mmoja akauliza tunahamia wapi. Nahodha akamjibu, "Maziwe," na yule akarudia, "Maziwe," polepole, akainama kwenye wavu wake, mabega yakaanza kumtikisika.

Tukatoka mdomoni mwa mto, mashine ikinguruma. Kaskazi ilikuwa imeshaanza kuvuma, mawimbi si makubwa, ila tumbo la mtu wa Tabora halina kipimo cha mawimbi. Nikashika ratiba mkononi nikitazama mbele. Bahari. Nikatazama tena. Bahari ya aina ileile. Kisha maji yakaanza kubadilika rangi, ule ubuluu mzito ukawa kijani, kijani kikapauka kama maziwa ya dafu. Nahodha akapunguza mashine, akaizima, akatupa nanga.

"Tumefika, shemeji."

"Wapi?"

"Maziwe."

Niligeuka kulia, kushoto, nyuma. Niliangalia hata ndani ya mashua. "Iko wapi?"

Nahodha akachukua pondo, akaliteremsha kando ya mashua taratibu mpaka likagonga. Akaligongesha mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. "Hii hapa. Kipo. Ila kiko chini."

Nikachungulia. Maji yalikuwa safi kama kioo, na chini yake mchanga mweupe, umejipanga mistari mistari vizuri kabisa. Samaki mmoja mwembamba alikuwa anapita mahali ambapo, kwa mujibu wa ratiba, ningetandika mkeka.

Mwanangu wa pili, ana miaka minane na ana ulimi wa bibi yake, alinichomoa ratiba mkononi akasoma kwa sauti: "Saa kumi na dakika kumi na mbili. Maziwe. Kutandika meza. Mhusika, Baba."

Hapo shemeji akalala chali juu ya mkeka akacheka mpaka akatokwa na machozi. Nahodha, ambaye alikuwa amejizuia tangu ile simu, naye akaachia. Mimi nikawa napiga hesabu. Kiingilio cha hifadhi nilishalipa, stakabadhi ninayo mfukoni. Nimewalipia watu saba kuingia mahali ambapo papa anaingia bure.

"Sasa ungeniambia!"

"Nilikuuliza, shemeji. Ukasema meza unakuja nayo. Nikasema labda bara mna meza zenu."

Nikamgeukia mke wangu, mzaliwa wa mji huu, mjukuu wa mvuvi. Alikuwa anafunga kanga vizuri, kwa utulivu ulionitia shaka. Ikabainika nahodha alisoma naye shule ya msingi na alimpigia siku ileile niliyorusha hela. Akamwambia amchukue mumewe kama alivyo. "Nilitaka kuona utafanyaje," akasema.

Kilichofuata ni pilau. Njaa haina ratiba, na pilau lilikuwa la mama mkwe. Tulikula mashuani, juu ya kisiwa, chombo kikiyumba kwenye nanga, sufuria likisafiri kutoka kwa shemeji kuja kwangu na kurudi. Sahani mkononi, machungwa yamekatika gunia yanabingirika miguuni. Kiti kimoja kilidondoka majini kikaelea kimesimama wima, kimetutazama, mpaka shemeji akakivuta kwa pondo. Kijiko cha nne nilikimeza, cha tano kikakataa, na vitatu vya mwanzo vikarudi kumsindikiza mwenzao. Nilitapika Maziwe. Yule samaki mwembamba akaja na jamaa zake.

Katikati ya msiba huo nilikuwa nimeshapiga picha na kuituma kwa ndugu zangu Tabora, kwa mazoea, na maneno "Tumefika kisiwani". Kaka yangu akajibu: "Hongereni. Naona maji tu."

Mama mkwe alikula akamaliza, akanawa mikono kwa maji ya bahari, akaniambia kwa upole, "Pole, mwanangu. Ulisema umesoma kwenye simu. Mimi sijui simu. Nikasema pengine siku hizi bahari imebadilishiwa saa." Hakuwa na hata chembe ya tabasamu. Ndiyo maana naamini alikuwa anafurahi kuliko wote.

Ndipo akanieleza, tukiwa tunarudi na ule mwezi wangu wa gharama ukichomoza mkubwa na mwekundu nyuma yetu, wakati mimi nimeushikilia ukingo wa mashua kwa mikono miwili. Mwezi mpevu au mwandamo ni bamvua: maji yanapwa sana na yanajaa sana. Pwani yao hii, siku za bamvua, asubuhi saa nne, saa tano ni kukavu, na jioni saa kumi ni kufurika. Kila siku inasogea mbele kidogo. Ingekuwa nimechagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, jioni ndiyo yangekuwa yamepwa, ijapokuwa si kwa kiasi kile. Kwa maneno mengine, katika mwezi mzima nililenga saa mbaya ya siku mbaya, barabara katikati. Kihesabu ni vigumu sana kukosea kiasi hicho.

Kesho yake saa moja nahodha akapiga. "Shemeji, kisiwa kimerudi. Saa tano kasoro kitakuwa kikavu kabisa." Nauli ilikuwa ileile, kamili, bila punguzo la mteja wa kudumu. Nikalipa. Meza nikaiacha.

Kilikuwepo. Kirefu, cheupe, kinaumiza macho, hakuna kichaka wala kijiti. Mama mkwe alishuka wa kwanza, maji yakimfika magotini, kanga ameipandisha, akakataa mkono wangu. Alitembea peke yake hadi katikati akasimama. "Mvinje mkubwa ulikuwa hapa," akasema. Akasogea hatua kumi. "Au hapa." Akazunguka, akatafuta cha kupimia, hakukipata, pande zote ni maji. Akaketi mchangani penye jua kali vilevile, kanga kichwani, na sisi tukaketi karibu naye. Hakuna aliyewasha spika.

Jioni barazani alikuwa anakaanga nguru kwenye jiko la mkaa, na mkaa ulikuwa mbichi. Nikamwona ananyoosha mkono kwenye mfuko wangu, anachomoa ukurasa wa pili wa ratiba, anaupepea moto. Ile nailoni ngumu inapepea vizuri kuliko kipepeo cha ukindu. Cheche zikaruka, mafuta yakaanza kuimba.

"Na kile kisiwa cha Tanga mjini," akauliza bila kunitazama, "Toten, umeandika saa ngapi?"

"Saa utakayosema wewe, mama."

Akageuza samaki.

"Haya."