Mlinzi wa Ngome

Waziri wa Fedha ndiye aliyeleta wazo. Si waziri wa serikali yoyote. Ni jina tulilompa chuoni, kwa sababu haagizi chipsi mpaka aulize kachumbari ni ya bure au inahesabiwa. Alitukusanya kijiweni, akatandaza karatasi ya daftari mezani: Februari, Sauti za Busara, Zanzibar. Tamasha lipo tangu 2004, wanamuziki wanapiga laivu, bendi zinatoka pembe zote za Afrika, na sisi tunaingia bure kwa kujitolea kufanya kazi. Malazi: kwa shangazi yake, Kikwajuni. Chakula: kwa shangazi yake. "Nauli ya boti tu wanangu, na hiyo tunalipa bei ya wenyeji, si ya wageni." Kwenye mstari wa dharura aliandika sufuri, akaizungushia duara.

Sikatai, tulianza vizuri. Shangazi alitupokea kwa mkate wa kumimina na chai ya tangawizi, akatutandikia mikeka sebuleni, akatuambia nyumba ni yetu. Kazini Waziri akapangwa kwenye kuvalisha watu tepe za mkononi. Daktari, ambaye udaktari wake ni miwani tu, akapewa maji ya wanamuziki. Mimi nina mwili wa kubeba magunia, basi nikawekwa kwenye ngazi za jukwaa. Maelekezo ya msimamizi yalikuwa mafupi: asiye na kitambulisho cha shingoni hapandi, awe nani.

Ngome Kongwe, lilikosimama jukwaa letu, si mahali pa mchezo. Waomani waliijenga baada ya kuwatimua Wareno, mwishoni mwa karne ya 17, na kuta zake nene ziliwekwa kuzuia maadui wenye mizinga. Zaidi ya miaka mia tatu baadaye ulinzi umeangukia kwa kijana wa Songea mwenye fulana iliyombana kitovu na filimbi aliyoazimwa na Waziri. Ijumaa nilifanya kazi ya kutukuka. Nilimrudisha mzungu aliyetaka kupanda kucheza, nikamrudisha jamaa aliyedai ni binamu wa mpiga gitaa, nikaanza kutembea kama mwenye ngome.

Jumamosi ikaja zamu ya taarab. Mafundi wakapanga viti, wazee wakaingia na kanzu zao safi, mwenye kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, akaipakata, mwenye udi akakaza nyuzi, fidla zikajibizana. Wakafungua na bashrafu, ile ya vyombo vitupu bila mwimbaji. Watu wametulia. Nikasema moyoni, leo ni mapumziko.

Mwimbaji akatoka. Beti la kwanza halijaisha, kina mama wa safu za mbele wakaanza kunyanyuka, baibui zinameta, wanja umekolea, noti zimekunjwa kati ya vidole, wanakuja kwa ule mwendo wa taratibu unaofuata ngoma. Wanakuja kwangu.

Sasa tuelewane. Kutuza nakujua, hata harusi za kwetu watu wanatuza. Lakini msimamizi alisema "awe nani". Hakusema "awe nani, isipokuwa mwenye elfu tano".

Aliyekuwa mbele alikuwa bibi wa makamo, mnene, ananukia asumini.

"Shikamoo bibi. Samahani, kitambulisho?"

"Marahaba mwanangu. N'pishe, beti langu linakuja."

"Bila kitambulisho cha shingoni huwezi kupita, bibi."

"Lahaula! Kijana, n'pishe upesi, linakuja!"

Nikatanua mikono. Yeye akaenda kushoto, mimi kushoto. Akaenda kulia, mimi kulia. Nikapuliza filimbi. Mpiga dumbaki akashtuka akapotea pigo moja, na ndani ya ule mkanganyiko mwimbaji akalitoa beti lenyewe, la jirani anayekosa usingizi kwa kuhesabu vyungu vya mwenzake. Likapita. Bibi akabaki na noti yake hewani.

Alichokuwa anakingoja nilikuja kuelezwa baadaye. Nyuma, safu ya nne, alikaa mama mmoja mwenye mtandio wa kijani, na hao wawili hawajasalimiana tangu ugomvi wa sahani za shughuli. Kutuza pale si kumpa mwimbaji pesa tu. Unanyanyuka kwenye beti linalomhusu mtu, ukumbi mzima unageuka kumtazama, na yeye anajua. Ukichelewa beti moja umemtuza mwimbaji, basi. Bibi alikuwa ameshona nguo kwa ajili ya beti lile.

Mtandio wa kijani akasimama. Akaja kwa madaha yote ya pwani, hana haraka, akapita ubavuni mwa bibi bila kumwangalia, akafika kwangu. Akanibandika elfu mbili kwenye paji la uso. Kwa jasho lile la kaskazi ikaganda palepale.

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mashoga zake wakafuata mmoja mmoja, wa elfu kwangu, wa elfu mbili kwangu, mwingine akanichomekea kwenye kola ya fulana. Wa upande wa bibi nao hawakukubali kushindwa, wakanituza ili niwapishe. Mimi nimetanua mikono vilevile, siwezi kuishusha, maana nikiishusha wanapita. Waziri alinipigia kelele kutoka langoni, sauti ya mtu aliyeona mbingu zikifunguka: "Usisogee! Nauli ya kurudi hiyo!"

Msimamizi alipofika alimkuta mlinzi wake amepambwa noti kuanzia kichwani hadi kiunoni, na foleni ya wanawake wanaomlipa mbele ya ngazi. Sikumlaumu kwa alivyofikiri. Mzee wa kanuni ndiye aliyeniokoa. Alikuwa anacheka mpaka kofia imemwanguka, akamweleza kisa chote kwenye maiki, ukumbi mzima ukasikia. Noti zikakusanywa zikapelekwa kwa kikundi, Waziri akizisindikiza kwa macho kama anayeaga maiti, na mimi nikahamishiwa kwenye kuokota chupa.

Nikadhani yameisha. Kumbe habari Unguja haipandi daladala, inapaa. Tulipofika Kikwajuni, shangazi amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ni wewe uliyemzuia shoga yangu?"

Wenzangu walikula wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Mimi niliwekewa wali. Na asubuhi ikatoka hukumu: niende nikamwombe radhi, tena si mikono mitupu, niende na doti ya kanga. Sufuri ya Waziri ikafutwa. Kwa kuwa ndiye mshika bajeti, aliondoka mwenyewe kwenda Darajani, akarudi anang'aa. Kapata doti ya nyekundu na nyeusi, kwa nusu bei, imekunjwa vizuri ndani ya karatasi ya nailoni.

Tulimkuta bibi barazani kwake, shangazi pembeni yake, na majirani wanaojifanya wanachambua mchele. Nikapiga goti, nikatoa shikamoo ndefu, nikasema niliyofundishwa njiani. Bibi alinitazama muda, uso ukalegea. "Haya mwanangu, yameisha. Wewe ni mgeni." Akaipokea kanga, akaipapasa, akasema kitambaa kizuri. Akaikunjua ili ajue jina lake.

Akasoma kimya. Akainua macho. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, ili hata wa mchele wasikie:

"Hasidi hana sababu."

Michele yote ikasimama kwenye nyungo.

"Nani kaichagua hii?" aliuliza bibi.

Niligeuka kumwonyesha Waziri. Waziri na Daktari walikuwa wameshaninyooshea vidole mimi.