Uwiano wa Damu na Saratani ya Umio: Kizingiti cha Nani?

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua majibu ya picha kamili ya damu, gawanya nutrofili kwa limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe za damu: 6.0 kwa 1.5 ni 4. Wanaotaka uwiano huu utumike kukadiria uhai wa mgonjwa wa saratani ya umio wana hoja. Kipimo keshafanyiwa, hakuna gharama mpya, na tafiti nyingi, hasa za China na Japani, zimeona kuwa wenye uwiano mkubwa kwa kawaida huishi muda mfupi zaidi.

Ila madaktari wanaosita wasidhaniwe kuwa wanakataa mapya. Kinachowasumbua ni kizingiti, yaani namba ambayo mgonjwa akiivuka huhesabiwa kuwa hatarini zaidi. Utafiti mmoja umekata kwenye 2, mwingine 3, mwingine 5, mara nyingi kwa kuchagua namba iliyowatenganisha vizuri wagonjwa walewale waliochunguzwa. Ihamishie kwa wengine, makali yanapungua.

Huku Afrika Mashariki, ambako ugonjwa huu umeshamiri, kuna zito zaidi. Watu wengi wa kusini mwa Sahara hawana antijeni ya Duffy, aina ya protini, kwenye chembe nyekundu, na nutrofili katika damu yao huwa chache hata wakiwa wazima. Tuseme kawaida ya mtu ni nutrofili 1.8 na limfosaiti 1.8; uwiano ni 1. Ugonjwa ukipandisha nutrofili hadi 3.6, uwiano unafika 2. Kwa kizingiti cha 3 atawekwa kundi la wenye nafuu, na hali nutrofili zake zimeongezeka maradufu!

Upande wa pili, uwiano hupanda kwa sababu zisizo saratani. Chakula kikimpalia mgonjwa kikaingia mapafuni, nimonia hupandisha nutrofili. VVU hushusha limfosaiti, mionzi vilevile. Deksamethazoni, dawa ya steroidi inayotolewa kabla ya paklitakseli, dawa ya kutibu saratani, hufanya yote mawili ndani ya saa chache, kwa hiyo damu itolewe kabla ya dozi, na homa iulizwe kwanza.

Mgonjwa mwenye uwiano wa 6 atafutiwe maambukizi, apimwe albumini (protini ya damu), na kama hata uji haupiti, awekewe mpira wa kulishia au stenti, yaani kibomba cha kuachanisha umio. Kumnyima tiba kwa namba hiyo pekee ni kumdhulumu. Na kwenye faili ziandikwe nutrofili na limfosaiti zenyewe, tarehe na dawa alizokuwa akitumia. Uwiano mtupu hauwezi kutupatia kizingiti cha watu wetu.