Kabla ya Kung'oa Bodi, Hesabu Taa Imewaka Mara Ngapi

Mtu akipata mashine ya pinboli, ule mchezo wa gololi, ya kampuni ya Bally ya mwishoni mwa miaka ya 1970, kama Eight Ball ya 1977, haraka ataambiwa atupe bodi kuu na kununua mpya ya kisasa. Ushauri huo siukubali. Bodi ile yenye mikroprosesa ya Motorola 6800 ilibuniwa imtajie fundi ugonjwa wake yenyewe. Mara nyingi kinachoiua si uzee, ni betri moja ya volti 3.6 iliyolehemiwa juu yake.

Kwa hiyo betri kwanza, na usiwashe umeme kabla. Betri ya nikeli na kadimiamu ikichoka huvuja, na alkali yake hutambaa polepole ikila njia za shaba, soketi za chipu na miguu ya vipuri vinavyoipa mikroprosesa amri ya kuanza. Ikate betri hiyo. Pale ilipokuwa pasugue kwa mswaki na siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, suuza kwa maji safi, malizia na spiriti, uache bodi ikauke kabisa. Penye ukijani kwaruza mpaka shaba ing'ae, maana lehemu haishiki juu ya kutu. Wala usihofie mipangilio: mingi imo kwenye swichi ndogo 32 za bodi, si kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri. Bila betri mashine inacheza, unapoteza rekodi za pointi, hesabu za matumizi na viwango vya pointi vya kutuza mchezo wa bure. Ukizitaka hizo, weka betri tatu za AA mbali na bodi, na dayodi moja, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ya kuzuia bodi isijaribu kuzichaji.

Sasa washa, utazame kitaa chekundu cha bodi. Kwanza kinamweka kidogo, kisha kinawaka mara saba. Mara ya kwanza maana yake chipu za programu ni nzima. Ya pili na ya tatu ni chipu mbili za kumbukumbu, U7 na U8. Ya nne na ya tano ni U10 na U11, zinazopokea na kutoa ishara. Ya sita ni kipima muda cha maonyesho. Ya saba inathibitisha kwamba volti 43 za koili, zile sumaku za umeme zinazosukuma vitu uwanjani, zinafika. Kikiishia mara sita, acha bodi, nenda kwenye fyuzi na konekta za umeme huo. Kikiwaka moja kwa moja bila kuzima, rudi pale betri ilipovujia. Kwa fundi mwenye mita na subira, sijui mashine ya mchezo ya zama zile iliyo muungwana kuliko hii.

Koili nazo zina mantiki yake. Volti 43 zipo kwenye koili muda wote mashine ikiwa imewashwa. Transista, swichi ya kielektroniki ya kila koili, kazi yake ni kuunganisha njia ya umeme kwenda ardhi ya saketi (ground). Transista ikishoti, yaani ikiacha umeme upite muda wote, koili inavuta papo hapo unapowasha na kuungua baada ya muda mfupi, basi zima upesi. Transista ya aina ya TIP102 inafaa kuwa mbadala. Ila ukiiweka bila kukagua dayodi ya kwenye koili, umefanya kazi bure: dayodi ikikatika, mshtuko wa umeme wa koili unaua transista mpya pia.

Flipa, vile vibao vya kupiga gololi, zinahitaji jicho la karibu. Koili yake imeandikwa AQ-25-500/34-4500, yaani mizunguko 500 ya waya nene namba 25 ya kupiga, na 4500 ya waya mwembamba namba 34 ya kushikilia. Swichi ya mwisho wa mwendo hubaki imefunga, yaani inapitisha umeme, kisha hufunguka kama milimita 3 flipa inapofika juu. Isipofunguka, waya mnene unaendelea kubeba mzigo na koili inanuka kuungua. Ikiwa chafu, flipa inalegea na gololi haifiki juu ya uwanja. Swichi hii ni ya tungsteni, ipige tupa ndogo. Zile nyingine za uwanjani zimepakwa dhahabu: usiziguse na tupa wala msasa, pitisha kipande cha karatasi ngumu katikati ya midomo yake, ukivute mara mbili tatu.