Nanowaya za kabaidi: tunapima kitu chenyewe au ncha yake?

Wanaotetea nanowaya (nyaya nyembamba mno) za kabaidi ya hafniamu, yaani kampaundi ya metali hiyo na kaboni, kama chanzo cha elektroni katika darubini za elektroni wana hoja nzito. Kabaidi hiyo huyeyuka kwenye joto la karibu 3,900°C, ilhali tangsteni iliyozoeleka huyeyuka kwenye 3,422°C. Tena nishati inayohitajika kung'oa elektroni kwenye uso wake ni takriban elektrovolti 3.5, dhidi ya 4.5 za tangsteni.

Katika utengenezaji, mvuke wa kloridi ya hafniamu hukutanishwa na methani na hidrojeni ndani ya tanuri lenye joto linalozidi 1,000°C, huku vitone vya nikeli vikiwa kichocheo, na waya hukua pale kila kitone kilipo. Hadi hapo mambo ni mepesi. Ugumu huanza pale waya mmoja, usioonekana kwa macho, unapotakiwa kuchomolewa na kubandikwa kwenye sindano ya metali bila kupinda, na sioni kiwanda kikiifanya kazi hiyo kwa wingi hivi karibuni.

Shaka yangu kubwa, hata hivyo, iko kwenye upimaji. Kwa nadharia ya Fowler na Nordheim ya mwaka 1928, inayoeleza jinsi volti inavyovuta elektroni kutoka kwenye ncha, mkondo na volti huchorwa kwa namna inayotoa mstari ulionyooka, lakini mwinamo wa mstari huo hubeba mambo mawili kwa pamoja: nishati ya kung'oa elektroni na ukali wa ncha. Anayekadiria umbo la ncha vibaya anaweza kuusifia waya wa kawaida kabisa. Kupima zulia zima la nyaya ni kubaya zaidi, kwa kuwa chache zilizochomoza ndizo hutoa karibu mkondo wote, nazo nyingine hukingwa na jirani zao zisipate nguvu kamili ya umeme.

Wapinzani huongeza kwamba mabaki ya gesi hung'ang'ania ncha na kuuyumbisha mkondo hata katika ombwe kali. Ni kweli, ila tangsteni baridi, yaani inayotoa elektroni bila kupashwa joto, nayo huhitaji kusafishwa kwa joto la ghafla mara kwa mara, kwa hiyo lawama hiyo haiihusu kabaidi peke yake. Kinachostahili kulinganishwa ni waya mmoja mmoja, kwa saa nyingi mfululizo, shinikizo la ombwe likitajwa, pamoja na mtawanyiko wa nishati ya elektroni (jinsi nishati zao zinavyotofautiana), ambao kwa tangsteni baridi ni takriban elektrovolti 0.3.