Tunapigia kelele bei, huku diski ikituponyoka

Tarehe 3 Aprili 2025, siku moja baada ya kuitambulisha kwa kina Switch 2, mashine yake mpya ya kuchezea gemu, Nintendo ilirusha mtandaoni matangazo ya moja kwa moja ambamo wafanyakazi wake walikuwa wakicheza gemu za mashine hiyo. Niliyatazama. Gemu zilipendeza, wachezaji walichangamka, lakini pembeni, kwenye sehemu ya ujumbe wa watazamaji, kulikuwa na maneno mamoja yaliyojirudia hadi yakafunika mengine yote: shusheni bei. Mashine ilikuwa imetangazwa kwa dola 449.99, na Mario Kart World, gemu iliyosubiriwa kuliko zote, kwa dola 79.99.

Bei haikushuka. Tarehe 5 Juni mashine ikaingia sokoni, na ndani ya siku nne zikauzwa zaidi ya milioni 3.5, kasi ambayo Nintendo haikuwahi kuiona kwa mashine yake yoyote.

Hapo wakaibuka wale ambao hawakosi kuibuka: mnaona? Kelele za mashabiki ni debe tupu. Leo mtu anatukana, kesho yuko kwenye foleni. Nimeichoka hoja hii. Inachukua malalamiko ya kila aina, inayatia kwenye gunia moja, kisha inalipima gunia zima kwa idadi ya mashine zilizouzwa. Anayechukia rangi ya mashine na anayeuliza kama gemu aliyoilipia ni mali yake wanahesabiwa kuwa watu wa aina moja, walalamikaji, na wote wanaambiwa wanyamaze kwa sababu mauzo ni mazuri.

Yapo malalamiko yasiyo na uzito, nakubali. Mwaka 2006 Nintendo iliposema mashine yake itaitwa Wii, jina lile lilichekwa kila kona. Wii ikaja kuuza zaidi ya milioni 101. Mwaka 2020 watu waliifananisha PlayStation 5 ya Sony na ruta ya intaneti, na Xbox Series X ya Microsoft wakaiita friji, hadi Microsoft yenyewe ikatengeneza friji ndogo ya umbo lile na kuiuza. Hayo ni mambo ya sura. Ukishaiweka mashine chini ya televisheni, wiki haiishi umeshaizoea.

Bei ni jambo zito zaidi, na simlaumu anayelia kuhusu bei. Lakini bei ina mwamuzi wake. Nintendo 3DS ilitoka Machi 2011 kwa dola 249.99, watu wakaikwepa, na Agosti ya mwaka uleule ikawa dola 169.99, huku waliowahi kuinunua wakipewa gemu 20 za zamani bure ili wapoe. PlayStation 3 nayo ilitangaziwa bei mwaka 2006, toleo lake kubwa likiwa dola 599, watu wakashtuka, na Sony ikalazimika kuipunguza awamu kwa awamu. Mkoba ukifungwa, kampuni husikia. (Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mazoea ya mashine kushuka bei kadiri inavyozeeka yameanza kugeuka. Agosti 2025, karibu miaka mitano tangu itoke, PlayStation 5 ilipandishwa dola 50 nchini Marekani. Hilo linastahili makala yake.)

Malalamiko ninayotaka tuyashike kwa mikono miwili ni ya aina nyingine: nikishalipa, nimepata nini?

Turudi 2013. Microsoft iliitambulisha Xbox One mwezi Mei, na katika wiki zilizofuata masharti yake yakawekwa wazi. Mashine ilitakiwa iungane na intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo gemu zako zisichezeke. Mchapishaji wa gemu ndiye angeamua kama unaruhusiwa kuiuza baada ya kuitumia. Kumpa rafiki? Ungeweza, mara moja tu, tena rafiki huyo awe amekaa kwenye orodha yako mtandaoni kwa siku 30 au zaidi. Diski uliyoinunua kwa pesa yako, ukaishika mkononi, ilikuwa imegeuzwa risiti.

Tarehe 10 Juni, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 kule Los Angeles, Jack Tretton wa Sony alipanda jukwaani akasema PlayStation 4 haitaleta vikwazo vipya kwa gemu zilizokwisha kutumika, wala haitadai kuungana na intaneti kila mara. Ukumbi ulilipuka. Nimeirudia video ile mara nyingi na bado inanigusa: mamia ya watu wazima wanashangilia kuambiwa kwamba haki waliyokuwa nayo tangu utotoni hawatanyang'anywa. Sony ikatoa na video fupi, isiyofika nusu dakika, ya kuelekeza namna ya kumpa mwenzako gemu. Mtu mmoja anamkabidhi mwingine boksi. Basi. Bei ilisaidia pia, dola 399 dhidi ya dola 499 za Xbox One, lakini shangwe ile ilipigwa kabla bei haijatajwa.

Siku tisa baadaye Microsoft iliyafuta masharti yale. Mashine yenyewe ilitoka Novemba. Yaani hakuna Xbox One hata moja iliyokuwa imefika nyumbani kwa mtu. Hakukuwa na mauzo ya kupima. Kilichofanya kazi ni sauti za watu tu, zile zile tunazoambiwa ni debe tupu.

Ulikuwa ushindi wa kweli. Ila naamini kampuni zilijifunza kutokana nao kuliko sisi. Ukilileta jambo zima kwa siku moja, watu wataliona na watalikataa. Basi likarudi haba na haba. Mwaka 2019 ikaja Xbox One S isiyo na sehemu ya kutilia diski. Mwaka 2020 zikaja Xbox Series S na PlayStation 5 ya kidijitali, zote kwa bei nafuu kuliko ndugu zake, na nani atalalamikia unafuu? Mwaka 2024 ikaja PlayStation 5 Pro, dola 699.99, haina sehemu ya diski. Ukiitaka, unainunua kando. Hapo unafuu ulikuwa umeshaondoka, na tundu la diski halikurudi.

Kisha Switch 2. Wakati sehemu ya ujumbe imejaa shusheni bei, Nintendo ilikuwa imeshaeleza aina mpya ya kadi, kwani gemu za Switch huja kwenye kadi ndogo, si diski. Unanunua boksi, ndani mna kadi kama kawaida, lakini gemu haimo. Kadi ni ufunguo tu. Unaichomeka, mashine inapakua gemu kutoka kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni mtandaoni, na kila unapotaka kucheza lazima kadi iwe ndani. Street Fighter 6 inauzwa hivyo. Sitaki kuizulia ubaya: kadi hii unaweza kuiazima au kuiuza, jambo ambalo gemu ya kupakua tupu haikuruhusu. Lakini siku seva itakapozimwa, kama gemu haimo tayari kwenye mashine yako, ulichonacho ni ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Walikuwepo waliolisema hili tangu siku ya kwanza, na sauti yao ilimezwa na dola 79.99.

Nitaambiwa gemu za siku hizi ni kubwa mno na kadi zenye nafasi ya kutosha ni ghali. Cyberpunk 2077 ni kubwa kama hizo nyingine, na kwenye Switch 2 imekuja nzima ndani ya kadi ya gigabaiti 64. Aliyetaka aliweza. Nitaambiwa pia kwamba wachezaji wengi wanapakua bila kulalamika. Ni kweli, hata mimi napakua. Ila maduka ya mtandaoni ya kupakulia gemu hufungwa: la Wii lilifungwa Januari 2019, na ya 3DS na Wii U yaliacha kuuza Machi 2023. Mwaka 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya mbio za magari isiyochezeka bila intaneti, na hata wale wenye diski yake mkononi wakabaki na plastiki.

Machi 2021 Sony ilitangaza kwamba itafunga maduka ya mtandaoni ya PlayStation 3 na ya Vita, mashine yake ya mkononi. Wenye mashine hizo kuukuu walipaza sauti, na kufikia Aprili Sony ilikuwa imekiri kwamba uamuzi ule haukuwa sahihi, na maduka yakaachwa wazi. Watu wale hawakuwa wakitishia kususa mashine mpya yoyote. Walitaja kitu kimoja kwa jina lake, wakakishikilia, hawakukiachia hadi wakajibiwa.

Kwa hiyo mashine ijayo itakapotambulishwa, mimi nitaanza na maswali mengine. Diski inaingia wapi? Ndani ya boksi mna gemu au mna ufunguo? Bei nitaifikia, lakini baadaye.

Nilipokuwa mdogo, gemu nyingi nilizozimaliza hazikuwa zangu. Zilikuwa za watoto wenzangu, na zangu zilikuwa kwao. Bado ninayo diski moja ya siku zile, jina la mwenyewe limeandikwa juu yake kwa kalamu nyeusi ya wino mzito, herufi zimepinda. Hakuwahi kuidai. Wiki iliyopita nilipangusa mashine vumbi, nikaitia. Ilinguruma kidogo, kisha ikawaka.