Nahodha aliyekataa kuondoa boti hakukosa adabu

Juma lililopita nahodha mmoja kijana hapa Lamu alifutwa kazi. Nilikuwepo gatini. Boti ya Kizingitini ilishajaa abiria, mwenye boti akaamrisha ipakiwe na saruji. Ukingo ulibaki shibiri moja juu ya maji, na makoti ya kuokolea yamelaliwa na mifuko. Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, maji yalishakupwa, kwa hiyo ingebidi apite nje, bahari kuu, na upepo wa kusi umechacha. Kijana akazima mashine. "Nipunguzie mzigo, mzee, nitakwenda. Hivi siendi."

Jioni, barazani, watu wazima wanamwita mtovu wa adabu! Mmoja akatoa methali: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini chombo kile kilikuwa na nahodha mmoja tu, na ndiye aliyesema hapana. Mwenye mali alikuwa nchi kavu. Agosti 2017 boti ilipinduka huku kwetu tukazika watu wa familia moja. Msiba ule haujatutoka, na bado tunamfukuza anayeuchelea mwingine.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kumfuta papo hapo anayekaidi amri, ila amri yenyewe lazima iwe halali. Ya Usalama na Afya Kazini, ya mwaka uo huo, kifungu cha 14, inakataza kumwadhibu mfanyakazi aliyeondoka kazini kwa kuona, kwa sababu za msingi, kwamba maisha yamo hatarini. Hata jeshini, kosa ni kukaidi amri halali.

Haya, nakubali: mwenye boti ana gharama, na baharia wa kuchagua kazi kila asubuhi hafai. Lakini huyu hakuchagua kazi. Alitaka mifuko ishushwe, basi.

Tumezoeshwa hivi tangu utotoni. Viboko vilipigwa marufuku shuleni 2001, lakini mtoto anayemuuliza mwalimu "kwa nini" bado anaonekana mjeuri. Akikua akapewa usukani na roho za watu, tunataka ajue kusema "ndiyo" tu.

Kijana, usikae nyumbani ukiona haya. Nenda kwa afisa wa kazi ukadai haki yako. Mimi niliona ukingo ulivyozama na makoti yalipokuwa, na nitakuja kutoa ushahidi siku yoyote utakayoniita.